Nilimwagilia Majani, Mizizi Ikafa

Siku ya kumi na moja tangu nitandaze nyasi za kupandikiza uwanjani kwangu, nilishika kona ya kipande kimoja, nikavuta kidogo tu, kikaja chote mkononi. Hakikung'ang'ania wala hakikutoa ule mlio wa nyuzi zinazokatika. Kiliinuka kama mkeka unavyoinuliwa sakafuni wageni wakishaondoka. Upande wake wa chini niliona ncha za mizizi zilizokatwa siku nyasi zinavunwa, kahawia, butu, zilivyokuja ndivyo zilivyo. Siku kumi na moja, na hakuna mzizi mpya hata mmoja.

Nilikaa chini palepale. Ukisimama mbali, uwanja ulikuwa bado una ukijani fulani, wa kufifia lakini upo, na wiki nzima nilikuwa nasimama barazani nikiutazama kwa mbali hivyohivyo, najipa moyo. Kila nilipoona doa la kahawia nilivuta mpira wa maji. Doa likizidi, naongeza maji. Sikuwahi kuinua kona hata moja nione kinachoendelea chini.

Baadaye nilielewa jinsi nyasi za kupandikiza zinavyokuja. Mashine ya kuvunia inapitisha kisu chake sentimita 2 hivi chini ya uso wa shamba, wakati mwingine pungufu ya hapo. Sehemu kubwa ya mizizi inabaki shambani. Unacholetewa ni majani, vishina vinavyotambaa, na udongo mwembamba kama soli ya kiatu. Majani yanaendelea kupoteza maji juani kama kawaida yake, ila mdomo wa kunywea umeachwa kule. Ukijani wa siku za mwanzo ni akiba inayoliwa. Mizizi mipya isipoteremka kabla akiba haijaisha, basi.

Hasira zangu za kwanza zilimwendea aliyeniuzia. Nilishapanga maneno yote, kwamba kaniletea nyasi zilizokufa. Kabla sijampigia, nikaenda nyuma ya nyumba kumwaga taka kwenye lundo la mboji, nikakuta kipande nilichokitupa pale siku ya kutandaza. Kilikuwa baki, kimechanika, hakina umbo. Nilikirusha tu na kikaangukia uso juu, hakuna aliyekikanyagia wala kukimwagilia zaidi ya manyunyu ya mpira unaovuja pale karibu. Kilikuwa kijani kibichi. Nikakivuta. Hakikutoka. Nikavuta kwa mikono miwili, kikang'oka pamoja na bonge la mboji, na chini yake ilikuwa imejaa nyuzi nyeupe, nyingi kama ndevu.

Sikumpigia simu tena yule bwana.

Jirani ndiye aliyeniletea mzee mmoja, fundi wa bustani wa siku nyingi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza, "Mgonjwa yuko wapi, mwanangu?" Nikamwonyesha. Hakusimama kutazama kutoka barazani kama mimi. Alichuchumaa, akatoa kisu kifupi mfukoni, akaanza kutembea na uwanja akikata na kuinua, akikata na kuinua, ananusa, anafinya udongo, anakirudisha kipande mahali pake. Nilidhani atanipa jibu moja. Alipomaliza akasema, "Hapa hakuna ugonjwa mmoja. Kila upande umeuua kivyake."

Ubaya wa kwanza ulikuwa chini ya karibu nusu ya uwanja, na mimi nilikuwa nauona ndiyo kazi yangu nzuri kuliko zote: mchanga. Ardhi ilikuwa imeshindiliwa na magari ya ujenzi, ina mabonde na vichuguu, na kuisawazisha kwa sululu niliona ni kujitesa. Mchanga wa kujengea ulikuwa umebaki. Nikaumwaga juu, nikauvuta kwa reki mpaka ukalala laini kama meza, unene wa sentimita 5 hivi, nikatandaza nyasi juu yake. Mtu yeyote aliyepita siku ile alinisifu.

Mzee aliinua kipande, akafinya udongo wake. Ulikuwa umelowa, udongo wa mfinyanzi, unanata vidoleni. Halafu akachomeka kidole kwenye mchanga uliokuwa chini yake. Mkavu. Nilikuwa nimemwagilia asubuhi ileile. "Maji hayateremki?" nikauliza, maana nilivyojua mimi mchanga ndio unaopitisha maji kuliko kitu chochote. Akaniambia nichukue sponji ya kuoshea vyombo, niiloweshe, niiweke juu ya kokoto, nione kama itadondosha maji. Haidondoshi mpaka ishibe kabisa. Udongo wenye chembe ndogo unayashika maji kwa nguvu, hauyaachii kwenda kwenye mchanga wenye matundu makubwa mpaka wenyewe ujae pomoni. Kwa hiyo maji yangu ya dakika kumi kila jioni yalikuwa yanaishia kwenye ule udongo mwembamba wa juu, na kesho yake saa sita jua linayanyonya yote. Mizizi nayo haichimbi kwenda kutafuta maji pakavu kama wengi tunavyodhani. Inakua palipo na unyevu na hewa. Ikikuta mpaka mkavu, inasimama mpakani.

Na chini ya mchanga kuna ile ardhi ngumu, ambayo haikuguswa. Kwenye mteremko wa chini, karibu na kona ya uzio, maji yaliyokuwa yanafanikiwa kupita yalitambaa juu ya huo ugumu na kukusanyika huko. Kwa hiyo juu nyasi zinakufa kwa kiu, mita 6 mbele zinakufa kwa kuzama. Kona ile nilikuwa nimeimwagilia kuliko sehemu nyingine zote kwa sababu ndiyo iliyotangulia kubadilika rangi. Mzee alipoikata ilitoa harufu ya mtaro. Vishina vilikuwa vyeusi, ukivifinya vinateleza na ganda linabaki mkononi. Mzizi unapumua, na kwenye udongo uliojaa maji hakuna hewa ya kupumua. Ukidhoofika, kuvu wanamalizia. Nilichokuwa nakiita kuipa maji zaidi kilikuwa ni kuikandamiza kichwa majini.

Jambo ambalo sikulijua kabisa ni hili la nyasi kuungua kabla hazijatandazwa. Gari lilikuja alfajiri, mimi sijawa tayari. Nilitegemea kumaliza kusawazisha siku ileile, nikamaliza kesho yake jioni. Nyasi zilikuja kama mikeka, imeviringishwa na kupangwa kama magogo. Nikaifunika turubai isipigwe na jua, nikajiona mwangalifu. Kesho yake jioni nilipofunua, nilipenyeza mkono katikati ya lundo kuvuta mkeka mmoja, nikautoa haraka. Kulikuwa na joto la chungu kilichoepuliwa muda si mrefu. Harufu yake ni ya majani yaliyovundikwa, tamutamu hivi, ya kuchacha. Baadhi ya mikeka ilikuwa imeshageuka manjano kwa ndani. Nikasema moyoni, ikipata hewa na maji itarudi.

Haikurudi. Nyasi zilizokatwa bado ni hai, zinapumua na kutoa joto, na zikiviringishwa na kurundikwa joto halina pa kutokea. Za nje zinaweza kuonekana salama kabisa huku za katikati zinapikwa. Turubai langu lilikuwa mfuniko wa sufuria. Ndiyo maana uwanjani kwangu kulikuwa na safu nzima zilizokauka tangu siku ya pili huku za pembeni yake zikiendelea kujikongoja. Safu zile zilitoka katikati ya lundo. Wakati wa joto, nyasi zikishakatwa zinatakiwa ziwe zimelala chini siku hiyohiyo. Mzee alisema yeye hakubali gari lifike kabla ya ardhi kuwa tayari, hata mwenye nyumba akasirike vipi. Mimi nilikuwa mwenye nyumba wa aina hiyo, kwa hiyo nilinyamaza.

Yaliyobaki aliyapitia haraka. Kwenye maungio nilikuwa nimeacha nafasi ya upana wa kidole nikiamini nyasi zitatambaa na kuziba. Zile nafasi ziligeuka mifereji ya upepo. Kingo za kila kipande zilikauka kwanza, zikajikunja juu, ukavu ukaingia kuelekea katikati. Ukitazama vizuri ungeona uwanja mzima umechorwa miraba ya kahawia kama daftari la hesabu. Pembeni ya njia ya zege ilikuwa mbaya zaidi, kwa vile zege linashika joto na kulirudisha. Nyasi zenyewe sikuwa nimezishindilia, kwa hiyo chini ya vipande kadhaa kulikuwa na mapango, na mzizi ukining'inia hewani unakauka kama uzi. Na yale madoa ya mviringo, makavu kabisa, yaliyotawanyika huku na huku? Alinitazama tu. Nilikuwa nimerusha mbolea ya chumvichumvi kwa mkono siku ya saba, eti kuzitia nguvu. Mbolea ile ikizidi pahali pamoja inavuta maji kutoka kwenye mizizi, na kwa mmea ambao hauna hata mizizi ya kutosha, hiyo si nguvu.

Niliacha uwanja mtupu karibu mwezi mzima. Nilikoma kukimbizana na macho ya wapita njia.

Kazi ilianza kwa kuukusanya mchanga na kuutoa, karibu wote. Nilitaka kuuchanganya na udongo uliopo niokoe jasho, mzee akakataa: mchanga kidogo kwenye udongo wa mfinyanzi hauulainishi, unaweza kukupa kitu kigumu kama tofali. Kisha sululu, halafu jembe la uma, mpaka kina cha sentimita 15. Sitaisimulia sana hiyo sehemu, mgongo wangu bado unaikumbuka. Kilichonishangaza ni yaliyotoka humo: vipande vya plasta, misumari, waya, na pale walipokuwa wanakorogea zege, bamba zima la saruji lililogandia chini ya udongo wa kufichia. Saruji ina chokaa, nayo inaupeleka udongo mbali na hali ambayo nyasi nyingi zinaipenda. Hapo tulichimba na kubadilisha udongo kabisa. Kwingine tulichanganya mboji iliyoiva vizuri. Samadi mbichi mzee hakutaka hata kuiona. Itaunguza mizizi kama ile chumvichumvi.

Kwenye ile kona ya chini tulichimba shimo la sentimita 30, tukalijaza maji, likanywea, tukalijaza tena. Asubuhi yake maji bado yalikuwa yamesimama, kuna na mdudu anaogelea. Basi, tukachimba mfereji, tukaujaza kokoto, tukautolea nje ya uzio. Bila hivyo ningeweza kupanda nyasi bora za dunia pale zikaoza vilevile.

Tulisawazisha, tukakanyagakanyaga kwa visigino, tukamwagilia, tukaiacha ardhi ikae. Ndani ya siku chache ikaonyesha mabonde yake yenyewe, tukajaza. Uso tuliushusha sentimita 2 chini ya usawa wa njia ili nyasi zikilala ziwe sawa nayo. Hapo nusura nifanye kosa jingine. Magugu yalikuwa yameanza kuchomoza, nami nikanunua dawa ya kuzuia mbegu za magugu zisiote, nikijua nitakuwa nimeua ndege wawili kwa jiwe moja. Mzee aliisoma chupa kwa muda mrefu, ameisogeza mbali na macho. Dawa za jamii ile zinafanya kazi kwa kuzuia mizizi michanga isikue, na zinakaa ardhini miezi. Hazina jicho la kutofautisha mzizi wa gugu na mzizi mpya wa nyasi uliyoinunua. Tukang'oa magugu kwa mkono.

Mara hii gari lilikuta tumesimama. Ardhi ilikuwa imeloweshwa jana yake, ina unyevu bila tope, na uso wake umekwaruzwa kwa reki. Tulianzia kwenye ukingo ulionyooka, vipande vikibanana bega kwa bega, safu ya pili ikianzia katikati ya kipande cha kwanza kama fundi anavyopanga matofali, mistari ya maungio isikutane. Hatukukanyaga nyasi wala ardhi iliyoandaliwa. Tulitembea juu ya mbao. Nyuma yetu kijana mmoja alikuwa anaviringisha pipa lililojazwa maji nusu, taratibu, kuukandamiza mkeka ugusane na udongo, na mwingine anafuata na mpira wa maji. Hatukusubiri kumaliza ndipo tumwagilie. Kipande cha kwanza kilikuwa kimekunywa kabla cha arobaini hakijatoka garini.

Kuhusu maji, niliacha kuhesabu dakika. Nilichomeka bisibisi ndefu kupitia nyasi, na siku ya kwanza hatukufunga bomba mpaka ilipozama sentimita 10 bila kulazimishwa na kutoka na udongo mbichi. Wiki ya kwanza jua lilikuwa kali, kwa hiyo tulinyunyiza asubuhi, mchana kidogo, na alasiri. Usiku hapana, majani yanayolala yamelowa yanawakaribisha kuvu. Na kila siku nikainua kona, leo hapa kesho pale, naangalia, nairudisha na kuibana kwa kiganja.

Siku ya tano hakuna kitu. Sikulala vizuri. Siku ya sita, kwenye kipande karibu na baraza, niliona vidoadoa vyeupe upande wa chini, kama punje za chumvi. Nilimwita mke wangu aje aone. Alikuja, akainama, akasema, "Nimeamshwa kwa ajili ya hivi?" Siku ya tisa zilikuwa nyuzi nyeupe, fupi, zenye urefu wa kucha, zimeshika chembe za udongo kiasi kwamba kipande kilipoinuka kilichuna ngozi ya ardhi. Siku ya kumi na nne nilivuta kona ikagoma. Nikavuta tena, majani yakachanika mkononi, mkeka haukusogea.

Kuanzia hapo tulipunguza mara za kumwagilia na kuongeza kiasi, siku mbili zinapita, kisha maji ya kutosha kushuka chini, ili mizizi iyafuate yanapokwenda. Ukizibembeleza nyasi kwa manyunyu ya kila siku zitabaki na mizizi ya juujuu, na jua la kwanza la kweli linazikuta uchi. Kufyeka kwa mara ya kwanza kulikuwa wiki ya tatu, kisu kimenolewa, tumepunguza theluthi moja tu ya urefu. Watoto waliendelea kuzuiwa mpaka mwezi ukatimia, jambo ambalo lilikuwa gumu kuliko sululu.

Miezi kadhaa baadaye sehemu moja ilianza tena kuwa kahawia, na nilipovuta ikainuka kama ile ya zamani. Moyo ulinipasuka. Lakini nilikuwa nimeshajifunza kutazama chini: mizizi ilikuwepo, imetafunwa, na kwenye udongo kulikuwa na mabuu manono meupe yenye kichwa cha kahawia, yamejikunja kama herufi C. Mabuu ya mbawakawa. Hilo ni shauri jingine, na tuliyaokota kwa mkono jioni ile, mimi na watoto, ndoo katikati.

Mahali pamoja pamenishinda hadi leo. Chini ya mti mkubwa kuna kivuli cha kutwa nzima, na mizizi ya mti inafika kwenye maji kabla ya nyasi. Nimetandaza mara mbili. Mara ya pili zilishika kabisa, ukivuta hazitoki, halafu zikapungua polepole, jani moja moja, kwa kukosa jua. Mzee alikuwa ameniambia tangu mwanzo, akiutazama ule mti: aina niliyoichagua inataka jua la muda wa saa sita au zaidi kwa siku. Nilidhani anataka kunipunguzia furaha. Sasa pale kuna kokoto na benchi. Huwa nakaa hapo nikiutazama uwanja, na mara nyingine, mgeni akiwa hayupo, nanyoosha mkono kuivuta kona ya kipande kilicho karibu.